Mpira Usiouma: Kumfundisha Mtoto Mdogo Kudaka na Kurusha

Mhadhara kwa walimu wa awali na wa shule za msingi, pamoja na wazazi



Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha watoto wadogo misingi miwili ya besiboli, yaani kurusha na kudaka. Nitaanza na kudaka, ingawa makocha wengi huanza na kurusha. Kurusha mtoto anakuja nako kutoka nyumbani. Kabla hajajua kuandika jina lake amekwisha kurusha mawe kwenye mwembe wa jirani na kandambili kwa kaka yake. Kudaka ndiko kunakomshinda, na kinachomshinda hasa ni woga. Mtoto anayeuogopa mpira hadaki, hata umpe glovu ya bei gani. Na woga huo mara nyingi tunamtia sisi wakubwa, kwa kumrushia mpira usiomfaa, kwa kasi isiyomfaa, siku yake ya kwanza uwanjani.

Simama mbele ya mtoto wa miaka mitano, mrushie mpira, halafu usiuangalie mpira, mwangalie yeye. Ananyoosha mikono yote miwili mbele, viwiko vimekakamaa, viganja vimeelekea juu. Mpira unapokaribia anageuza uso pembeni, anafumba macho, mabega yanapanda hadi masikioni. Mpira unamgonga mikononi, unadunda kifuani, unaanguka. Hapo ndipo mkubwa aliyesimama pembeni anapopaza sauti: "Angalia mpira!" Lakini mtoto yule hakuacha kuuangalia kwa uzembe. Mwili wake umemlinda. Kugeuza uso na kufumba macho kitu kinapotujia usoni ni kinga tuliyozaliwa nayo sote, na haiondoki kwa kukemewa. Inalegea pale tu mwili unapopata hakika kwamba kinachokuja hakiumizi.

Sasa tuutazame mpira wenyewe. Mpira rasmi wa besiboli una uzito wa kati ya gramu 142 na 149. Ndani kuna kiini cha koki na raba, kimezungushiwa nyuzi za sufu zilizokazwa sana, na juu kuna ngozi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108 ya uzi pacha. Ni kitu kigumu, kimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima wanaoupiga kwa gongo la mti. Mtoto wa darasa la kwanza hauhitaji hata kidogo, na nasema hivi bila kusita: mwalimu anayeanza na mpira huo kwa watoto wa umri huo anawafukuza mchezoni kabla hawajaingia.

Nchi zenye besiboli kubwa zimelijua jambo hili siku nyingi. Japani iliupokea mchezo huu tangu mwaka 1872, kutoka kwa mwalimu Mmarekani Horace Wilson, na kabla miaka ya 1910 haijaisha Wajapani walikwisha kutengeneza mpira wa raba kwa ajili ya watoto, ili wacheze bila kuumizwa na ule wa ngozi. Mpaka leo watoto wengi wa Japani huanzia hapo. Huko Panama, katika kijiji cha wavuvi cha Puerto Caimito, alikulia Mariano Rivera. Baba yake alikuwa mvuvi. Yeye na wenzake walicheza ufukweni kwa mpira uliotengenezwa kwa vipande vya nyavu kuukuu na kufungwa kwa utepe, glovu zao zilikuwa maboksi ya maziwa, na gongo lilikuwa tawi la mti. Kijana huyo alikuja kuwa mrushaji wa timu ya New York Yankees, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza katika historia kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kwa kura zote bila hata moja kupungua. Yeyote anayeniambia kwamba shule yake haiwezi kuanza kwa sababu haina vifaa, namtajia maboksi yale ya maziwa.

Mpira wetu ni soksi. Chukua soksi kuukuu, jaza matambara laini, kaza, pindua mdomo wa soksi juu yake mara mbili au tatu, kisha shona ili usifumuke. Uwe wa kutosha kiganja cha mtoto, kiasi cha chungwa dogo. Usitie mchanga wala kokoto ndani, hata kidogo, kwa kisingizio cha kuupa uzito. Chagua soksi ya rangi kali inayotofautiana na mazingira. Mpira mweupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa mtoto hauoni mpaka umfikie. Mpira wa namna hii ukimgonga mtoto puani atacheka, na kicheko hicho ndicho tunachokitafuta katika wiki za mwanzo.

Kudaka kwenyewe hakuanzi hewani. Kunaanza chini. Watoto wawili wakae wakitazamana, miguu wameitanua, mpira wausukume ubingirike kwenye sakafu. Macho yanajifunza kuufuata mpira toka unapoachiwa hadi unapofika, na hakuna chochote cha kuogopa. Baadaye wasimame, mpira ubingirike, mtoto auendee kwa miguu na kuinama magoti yakikunjwa, mikono yote miwili ikigusa ardhi. Kwa lugha ya besiboli huyo tayari anajifunza kuzuia mpira wa chini, ujuzi ambao mchezaji wa ndani ya uwanja huutumia maisha yake yote.

Kisha mtoto ajirushie mwenyewe. Arushe soksi juu kidogo, usawa wa uso, na aidake. Hapo yeye ndiye anayepanga kasi na urefu, hakuna wa kumshtua. Akishazoea, arushe, apige kofi moja, adake; halafu makofi mawili. Watoto wetu waliokulia mdako wako mbele sana hapa. Katika mdako unarusha kijiwe juu, unachota vingine kwenye kishimo, na kukidaka kile cha juu kabla hakijaanguka, kwa mkono uleule. Ni mazoezi ya jicho na mkono ambayo kocha yeyote angefurahi kuyakuta kwa mtoto, nayo hayagharimu hata senti moja.

Baada ya hapo ndipo mtu mwingine arushe, na arushe kutoka chini, mkono ukipita kando ya paja, kwa umbali wa hatua mbili au tatu tu. Mpira uende kwa upinde mdogo na ufike usawa wa kifua. Ukirushwa juu sana, mtoto mdogo hawezi kukadiria utaangukia wapi. Na kabla ya kurusha, mwite jina. Usimrushie mtoto asiyekutazama.

Mikono nayo ina kanuni yake, na ni fupi kiasi kwamba mtoto wa chekechea anaishika. Mpira ukija juu ya kiuno, vidole gumba vinakutana na ncha za vidole zinaelekea juu. Ukija chini ya kiuno, vidole vya mwisho vinakutana na ncha zinaelekea chini. Viwiko vikunjwe kidogo, na mikono irudi nyuma kuelekea mwilini wakati mpira unaingia, ili kuumeza mwendo wake. Mimi huwaambia watoto wadake kama wanaopokea kifaranga: ukikaza mikono unamuumiza, ukilegea anakuponyoka. Wanalielewa mara moja kuliko maelezo yoyote ya viwiko. La mwisho ni miguu. Mpira ukienda pembeni, mwili wote uende pembeni; mtoto asinyooshe mkono mmoja huku miguu imeganda.

Glovu ije baadaye, mtoto akishadaka kwa mikono mitupu bila kugeuza uso. Iwe ndogo na laini, kwa sababu glovu kubwa ya mtu mzima haifungiki kwa nguvu za vidole vya mtoto, na mpira unaingia na kutoka. Huvaliwa katika mkono usiorusha, na mkono mwingine uufunike mpira mara tu unapoingia. Hapa niseme neno juu ya watoto wa mashoto. Majumbani kwetu mtoto anayetumia mkono wa kushoto bado anakemewa, hasa mezani, na sitaingilia adabu ya meza ya mtu. Lakini uwanjani mwacheni. Besiboli inawathamini sana warushaji wa kushoto, kwa sababu wapigaji hawajazoea mpira unaotoka upande huo. Mwaka 2023 mchezaji wa besiboli Mjapani, Shohei Ohtani, alitangaza kuzigawia shule zote za msingi za Japani glovu zipatazo 60,000. Kila shule ilipata tatu, mbili za watoto wa kulia na moja ya watoto wa kushoto. Alikumbuka kwamba katika kila shule yumo mtoto huyo.

Nije kwenye kurusha. Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Neil Roach na wenzake kuhusu bega la binadamu. Walionyesha kwamba tunaporusha, mkono ukivutwa nyuma, kano za bega hujinyoosha na kuhifadhi nguvu, kisha huifyatua kwa ghafla, na kwamba umbo hili la bega na kiuno lilikamilika kwa jamii ya Homo erectus, mababu wa kale wa binadamu, takriban miaka milioni 2 iliyopita. Mifupa kamili zaidi ya jamii hiyo ni ya kijana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, mwaka 1984. Sokwe, pamoja na misuli yake yote, hawezi kurusha kwa kasi ya kijana wa miaka 12 aliyezoea besiboli. Kwa hiyo tunapomfundisha mtoto kurusha, hatumpachiki kitu kigeni. Tunakitengeneza anachokuja nacho.

Hata hivyo anakuja nacho kikiwa kibichi. Mtafiti Monica Wild aliwachunguza watoto wakirusha na mwaka 1938 akaeleza hatua wanazopitia, na mwalimu yeyote anaweza kuziona uani kwake. Mdogo kabisa husimama akiitazama shabaha, miguu haisogei, na mkono peke yake ndio unaorusha. Baadaye anajifunza kuzungusha kiwiliwili. Kisha anapiga hatua, lakini kwa mguu wa upande uleule wa mkono unaorusha, na mwili unajifunga wenyewe. Mwisho ndipo anapopiga hatua kwa mguu wa upande wa pili. Mtoto wa mkono wa kulia akianza kutanguliza mguu wa kushoto, umbali wa mpira wake hubadilika siku ileile, na yeye mwenyewe hushangaa.

Ndiyo maana nasema kurusha hufundishwa kuanzia miguuni. Chora kwa chaki nyayo mbili chini, zimeelekea pembeni, na ya tatu mbele yake imeelekea shabaha. Mtoto asimame kwenye zile mbili, bega lake lisilorusha likiielekea shabaha. Mkono unaorusha ushuke, uzunguke nyuma, upande, kiwiko kifike usawa wa bega. Mguu wa mbele ukanyage unyayo wa tatu. Kiuno kigeuke kwanza, kifua kifuate, mkono uje mwisho. Mpira ukishatoka, mkono usisimame hewani. Uendelee kushuka hadi upite goti la upande wa pili. Mkono unaosimama ghafla unaliumiza bega.

Mpira ushikwe kwa vidole, usizamishwe kiganjani. Kwa mkubwa ni kidole cha shahada na cha kati juu ya mishono, gumba chini. Mkono wa mtoto ni mdogo, basi aweke vidole vitatu juu, hata vinne, hakuna ubaya.

Na katika majuma ya mwanzo msimwambie alenge. Mwambieni arushe kwa nguvu. Mtoto anayetakiwa kulenga hujikunja, huacha hatua, husukuma mpira kwa kiwiko ili asikosee. Anayetakiwa kurusha kwa nguvu hulazimika kutumia mwili mzima, na umbo zuri huja lenyewe. Mpelekeni kwenye ukuta mpana, arushe soksi ilie paa! Shabaha mtaining'iniza baadaye, gunia kwenye tawi linatosha.

Tuna mchezo mmoja ambao umetufanyia nusu ya kazi hii, nao ni rede. Wawili wanasimama pembeni, mmoja huku na mwingine kule, wa katikati anakwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kenya wanauita kati, Uganda kwepena. Wachezaji wake wakubwa ni wasichana, na wale wa pembeni wanarusha kwa nguvu, kwa haraka, jioni nzima. Halafu tukiunda timu ya besiboli tunawaita wavulana kwanza! Nalisema hili kwa uchungu. Marekani nako wasichana walizuiwa kucheza Little League, yaani ligi ya besiboli ya watoto, mpaka mwaka 1974, baada ya kesi iliyofunguliwa New Jersey kwa sababu ya msichana aitwaye Maria Pepe. Miaka 40 baadaye, mwaka 2014, msichana wa miaka 13 kutoka Philadelphia, Mo'ne Davis, alirusha mchezo mzima wa fainali za dunia za Little League bila timu pinzani kupata hata pointi moja. Wachezaji wetu wa rede tunawapita kila jioni mitaani.

Hiyo Little League ilianzishwa mwaka 1939 mjini Williamsport, Pennsylvania, na Carl Stotz, karani wa kawaida tu. Alichokifanya ni kuwachukua wapwa wake na watoto wa jirani, akajaribu nao vipimo mbalimbali vya uwanja mpaka akapata vinavyowafaa. Kwa watu wazima, kutoka beis hadi beis, yaani kituo hadi kituo anachokimbilia mchezaji, ni mita 27.4, kwa watoto aliweka mita 18.3. Leo mrushaji mtoto husimama mita 14 kutoka kwa mpigaji, badala ya mita 18.4. Mchezo ulipunguzwa ukamfuata mtoto, na ndiyo sababu ulienea duniani. Mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi, Uganda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za ligi hiyo. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Hapa Tanzania, kwa msaada mkubwa wa Wajapani, besiboli imeingia katika baadhi ya sekondari, na Dar es Salaam upo uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania. Shule za msingi ndizo zinazosubiri.

Nizungumze na wazazi juu ya kiwiko, maana hapa ndipo mapenzi ya mzazi yanapoweza kuharibu. Mfupa wa mtoto bado una sehemu za gegedu, na hapo ndipo unaporefukia. Kwenye kiwiko na bega sehemu hizo ni dhaifu kuliko kano zinazouvuta mfupa. Mtoto akirusha kupita kiasi, kano inavuta gegedu, panavimba, panauma, na wakati mwingine panabanduka. Kwa hiyo mwaka 2007 Little League iliacha kuhesabu vipindi vya mchezo ikaanza kuhesabu mipira anayorusha mrushaji. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na ligi kuu ya Marekani pamoja na shirikisho la besiboli la nchi hiyo unasema mrushaji wa miaka 7 au 8 asivuke mipira 50 kwa siku, na wa miaka 9 au 10 asivuke 75, na baada ya hapo apumzike siku kadhaa kulingana na idadi. Mipira ya kupinda haina nafasi katika umri huo. Mtoto wako akisema kiwiko kinamuuma, usimwambie ajikaze. Mtoe. Na hata asiposema, kiwiko chake kikianza kushuka chini ya bega anaporusha, amechoka. Siku hiyo imekwisha.

Walimu wenzangu mnafikiria idadi. Najua. Darasa lina watoto 60 na zaidi, na kipindi ni dakika chache. Mpira mmoja kwa darasa kama hilo ni foleni, na mtoto aliye kwenye foleni anajifunza kusubiri tu. Kila watoto wawili wapate soksi moja. Wapange mistari miwili inayotazamana, wote warushe kuelekea upande mmoja kwa filimbi, na asiwepo wa kuvunja mstari kuufuata mpira uliopotea mpaka filimbi ilie tena. Hapo watoto wote wanarusha na kudaka kipindi kizima, na wewe unapata nafasi ya kupita nyuma yao, ukimgusa huyu bega, ukimwonyesha yule unyayo. Usisahihishe makosa matatu kwa mtoto mmoja. Sahihisha moja, mwache arushe mara nyingi, rudi baadaye.

Ombi langu ni hili. Walimu, Jumatatu waambieni watoto walete soksi kuukuu, moja kila mmoja, na wazazi msiwaulize za nini. Kaeni nao mzishone pamoja. Anzeni chini, sakafuni, wakisukumiana. Waiteni wasichana wa rede wawe wa kwanza kusimama mbele ya ukuta. Mipira ya ngozi ikija kama msaada, ipokeeni kwa shukrani, muiweke kabatini mpaka watoto wenyewe waiombe.